Hema la Watu Wanne

"Sipimwi," nilimwambia mkamwana wangu. "Anayepimwa amelala chali ni maiti, na mimi hata kikohozi sina."

"Mama, ni kipimo cha hema tu. Lala hapa, nipitishe chaki, uinuke."

"Nikishindwa kuinuka?"

"Basi nitakuwa nimemaliza kazi mbili kwa mpigo."

Ndivyo alivyo yule. Mdomo wake mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake unakata turubai la lori. Anashona mahema na vifuniko vya mizigo katika chumba cha mbele, ambacho cherehani imekula nusu na maturubai yamekula nusu iliyobaki. Sisi wengine tunapita ubavu ubavu kama kaa. Na hapimi hema kwa futi kama mafundi wengine. Kila atakayelala humo anamlaza sakafuni, anamzungushia chaki, kisha anakata kitambaa kufuata michoro. Ndiyo maana ndani ya mahema yake hakuna anayeamka na kisigino cha jirani mdomoni.

Kila likizo ndefu ya shule huwa wanakwenda kupiga kambi kando ya ziwa, familia tatu za marafiki: dereva na mkewe, muuguzi na mumewe, na sisi. Kwetu walikuwa wakienda wanne, mpaka mwanangu alipotangulia mbele za haki. Likizo iliyopita mkamwana alikwenda na watoto peke yake. Wajukuu walirudi na habari tele, pamoja na samaki aliyeruka mwenyewe akaingia kwenye sufuria. Huyo nilimwongeza mimi. Lakini Kidoti, yule mdogo, alinisimulia jambo moja ambalo sikuweza kulitia chumvi. Asubuhi ya kuondoka, kila mke alishika ncha moja ya hema, mumewe akashika nyingine, wakakunja mpaka wakakutana katikati. Mama yake aliweka mawe kwenye ncha ya pili, akakunja kuyafuata mawe. Mke wa dereva akageuka, akawa anafunga kamba iliyokwisha kufungwa.

Hema lile limeoza mishono, sasa anashona jipya. Nilipoingia chumbani kwake siku hiyo, nilikuta michoro sakafuni: wake, wa Kidoti, wa kaka yake Kidoti. Na wa nne, mrefu, goti la kushoto limekunjwa. Goti lile nalijua. Nililibeba mgongoni.

"Huyu ulimpimaje?" nilimuuliza.

"Mkono ulikwenda wenyewe," alisema. Na kitambaa alikuwa ameshakikata.

Hapo ndipo aliponitaka nilale mimi, na ugomvi ukaanza.

"Mimi na porini tuliachana zamani," nilimwambia. "Nilipokuwa msichana, fisi alinilalia mkono mpaka kukacha. Nikawa naogopa kujigeuza nisije nikamwamsha."

"Juzi ulisema chui."

"Walipokezana."

Hakucheka. Alikaa juu ya robota la turubai, akawa anaivunjavunja chaki vidoleni.

"Mama, nikikipunguza hiki kitambaa, hema zima litakuwa viraka. Nikikiacha, patakuwa na pengo katikati, na watoto watalala kila mmoja ukutani kwake. Usipokwenda, siendi. Mke wa dereva yuko njiani anakuja kuchukua jibu, wapange gari. Nitamwambia tumeacha. Siwezi tena kukunja na mawe."

Pengo nalijua. Nyumbani kwangu redio haizimwi, nabishana na msoma habari mpaka usingizi unichukue. Nikautazama mchoro ule mrefu. Mahali pake nikipalalia mimi, yeye atalala wapi?

Nikavua kandambili. Nikashuka chini kwa awamu, kama gunia linaloteremshwa kwa kamba, nikajilaza ndani ya ile chaki. Miguu yangu ilifika kwenye magoti yake.

"Panabaki," nilisema.

"Hapo tutaweka sufuria."

"Yule samaki ataingia moja kwa moja."

Safari hii alicheka, kidogo, kwa puani. Akapiga magoti kando yangu. "Kunja goti la kushoto, mama."

Nikakunja. Sakafu ilikuwa baridi. Nikafumba macho, nikasikia chaki ikianzia begani, ikishuka polepole ubavuni, ikasimama kwenye goti. Ikakaa hapo. Tone moja likanidondokea mkononi, nikajifanya silijui.

"Mama," alisema, "yeye alipokuwa akilala hivi, mimi nilikuwa—"

Mlango ukasukumwa. Nilimtambua mke wa dereva kwa viatu vyake. Alituona: mmoja kapiga magoti analia, mwingine kanyooka sakafuni kafumba macho.

"Jamani," alisema taratibu. "Ametutoka saa ngapi?"

Nikazidi kufumba.