Rangi Nne za Védastine

Védastine alirudi Bweyeye, kijiji cha wazazi wake, mwaka 1997 kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikozaliwa wazazi hao wakiwa wakimbizi. Hakuja na mali. Alikuja na ufundi wa mizinga ya nyuki. Baada ya vita mashamba mengi hayakuwa na wenyewe tena, na kishona nguo, yale magugu yanayonata nguoni, kilikuwa kimeyafunika. Wengine waliona pori. Yeye aliona malisho ya nyuki.

Mlangoni mwa kila mzinga aliweka kibao chenye matundu madogo. Nyuki akipenya, punje za chavua, yaani unga wa maua, alizobeba miguuni hudondoka kwenye sahani iliyo chini. Védastine aliikausha chavua hiyo kivulini, akatenga punje kwa rangi: ya machungwa ni kishona nguo, manjano ni mahindi, nyeupe ni mikaratusi, kahawia ni maua ya msituni. Wenzake wa ushirika wa wafuga nyuki walianika juani na kuchanganya yote.

“Maman, hizo shanga ni za bibi-harusi gani?” mwenyekiti Kalisa alimtania kila alipopita.

Mwaka 2003 mzaha ukageuka ugomvi. Muderhwa, mnunuzi wa Bukavu, aliagiza chavua, na ushirika ukataka kumpa gunia moja la mchanganyiko. Védastine akakataa kumwaga yake humo. Kalisa akamwambia achanganye au atoke. Akaomba jambo moja: chavua zipimwe kwanza, zake nne na ya gunia. Zikionekana sawa, angezimwaga zake gunini kwa mkono wake mwenyewe. Wakakubali, naye akabeba vifurushi, akatembea siku nzima hadi kwenye gari la kuelekea chuo kikuu, kwenye maabara.

Mimi ni mwalimu wa hapo kijijini; nimefundisha shule miaka ishirini. Wapo wanaoita kuchanganya biashara. Mimi naona ni udanganyifu. Lakini siku majibu ya chuo yalipofika niliogopa kwa ajili yake, maana yaliandikwa Kifaransa na mimi ndiye niliyeyasoma mbele ya wanachama wote na Muderhwa.

Antioksidanti, yaani vile viambato vinavyosaidia mwili usichakae upesi, zilitofautiana mmea kwa mmea. Kishona nguo kiliongoza. Gunia la ushirika, lililopigwa jua, lilishika mkia.

Kalisa akaniomba nisome tena. Nikasoma.

“Mimi nataka ya huyu maman,” Muderhwa akasema. “Ile ingine mubaki nayo.”

Kalisa akavua kofia. “Maman Védastine, utufundishe.”

“Mutoe kwanza masahani kwenye jua,” akajibu.

Wiki iliyofuata niliwakuta wanachama wote wamekaa kivulini, Kalisa akichambua punje kwa vidole vyake vinene. Védastine akasimama nyuma yake.

“Papa Kalisa, hizo ni za bibi-harusi gani?”

Kalisa alicheka kuliko wote, lakini hakuinua macho. Alikuwa ameshika punje ya manjano, akitafuta sahani ya mahindi.