Shmuni na Mkanda wa Mar Zabdai

Pale Kefar Romana, mtu akitaka kumtukana mwenzake alimwambia ananuka kama ua wa Shmuni. Mwenyewe alilijua hilo na wala halikumkosesha usingizi. Alizaliwa kwa mtengeneza ngozi, akaolewa na mtengeneza ngozi, na Gurya mumewe alipokufa kwa homa alimwachia mashimo manne uani: la chokaa, la mkojo, la mavi ya mbwa na la maganda ya mwaloni. Mikono yake ilikuwa ya kahawia hadi viwikoni, haikutakata hata siku ya Pasaka. Kanisani alisimama nyuma kabisa, mlangoni, na bado wanawake wa mbele walijiziba pua kwa shela.

Kwa hiyo siku shemasi Absamya alipokuja mpaka kizingitini kwake, Shmuni alijua kuna kazi iliyowashinda wenzake.

"Mama Shmuni, Mar Zabdai anahitaji mtu wa kumfulia vitambaa vya kidonda," alisema shemasi, akiwa amesimama upande upepo unakotoka.

"Si mlikuwa na yule dada wa kule kwenye kinu?"

"Ametapika, akaondoka."

"Na yule wa kabla yake?"

Shemasi alitazama viatu vyake. "Huyo hakusubiri hata kutapika. Utapewa unga na mafuta kila juma."

Habari za Mar Zabdai kila mtu alizijua. Ujanani alikuwa mwongoza ngamia kwenye misafara ya kutoka mto Frati. Kiangazi kimoja maji yalipungua, na mtumwa mmoja wa msafara akaanguka kwa kiu. Zabdai akasema ngamia kwanza. Wakamwacha. Akiwa anaenda zake alimsikia yule mtu akimwita kwa jina, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka sauti ikaishia nyuma ya vilima. Mwaka uleule alibatizwa, akapanda mlima ulio juu ya kijiji, akajifunga mkanda wa chuma kiunoni na kujiunga kwa mnyororo kwenye mwamba. Alikuwa amekaa hapo miaka ishirini na mmoja. Watu wakaanza kumwita Mar, yaani bwana wangu, kama wanavyoitwa watakatifu.

Mafundisho yake yalikuwa machache, na aliyarudia kwa mkulima na kwa jemadari bila kubadili neno. "Mpe mtu maji kabla hujamuuliza jina. Ukimpita aliyeanguka, umempita Kristo. Basi usinijie mimi kuomba baraka. Rudi ulikotoka, ukamtazame uliyemwacha." Watu walilia, wakabusu mwamba, wakashuka mlima wakiruka miguu ya ombaomba waliolala njiani.

Siku ya kwanza Shmuni alifikiri pua yake imeshamaliza kila kitu duniani. Alikosea. Mkanda ulikuwa umezama, nyama imeota juu yake kama gome la mti linavyomeza kamba. Chini ya kunjo la ngozi palikuwa na usaha wa kijani, na ndani ya usaha mabuu meupe, yamenona, yanacheza. Alibandua kitambaa kikaja na kipande cha ngozi. Mate yakamjaa mdomoni. Ngozi ya mbuzi hunuka, lakini mbuzi amekufa. Huyu alikuwa anamtazama, tena anamwomba radhi.

"Nisamehe, mama. Hii si kazi ya mtu."

"Nyamaza, baba, usinipumulie," alisema Shmuni, akageuza uso.

Alizoea kidonda kwa mwezi mmoja. Kitu ambacho hakukizoea kamwe ni kile alichokigundua mwezi wa pili. Maji aliyofulia vitambaa alikuwa akiyaacha kwenye beseni ili mtu ayamwage. Hayakumwagwa. Absamya aliyachuja kwa kitambaa cha madhabahuni, akayatia kwenye vichupa vya udongo vyenye alama ya msalaba, na mahujaji wakayachukua kwenye lango la mlima kwa sadaka. Mabuu nayo yalikaushwa juani na kufungwa kwenye vijipande vya hariri. Mzee mmoja alilitia buu mdomoni mbele yake, akalimeza huku amefumba macho kwa raha, kisha akalamba kidole.

Siku hiyo Shmuni alirudi nyumbani akakaa kando ya shimo la mavi ya mbwa, akaona ni mahali safi. Mkate uliotokana na ule unga aliutafuna, ukamkwama, akautema. Hata hivyo juma lililofuata alikwenda tena kazini, maana alikuwa na njaa, na kujiona anakwenda kulimtia kinyaa kuliko mabuu.

Akavumilia hivyo hadi wakati wa mavuno ya zeituni. Ndipo alipofika mwanamke wa Antiokia, tajiri, amebebwa kwenye kiti, na kitoto cha miezi michache kinachochemka homa. Absamya alimkabidhi kichupa. Yule mama akamimina kwenye kijiko cha fedha, kitoto kikafunua mdomo kwa kiu. Yale maji Shmuni aliyafulia vitambaa asubuhi ileile. Alijua rangi yake.

Alikipiga kile kijiko kofi kikaruka mpaka ukutani.

"Umekufuru," alisema Absamya. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nimeyafulia vitambaa mwenyewe hayo maji, shemasi. Ni usaha. Mpeni mtoto maji ya kisima."

"Wewe unaona usaha kwa sababu maisha yako yote yako kwenye mkojo. Wenzako wanaona neema."

"Basi kunywa wewe. Mimina, unywe, nikutazame."

Absamya hakunywa. Mahujaji walianza kunong'ona, na mmoja akamtemea Shmuni mate mgongoni. Hakugeuka. Alipanda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, akasimama mbele ya mtakatifu na kumwambia yote: beseni, vichupa, mabuu, mzee aliyelamba kidole, kitoto.

Mar Zabdai alikitazama kidonda chake. Alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa chakula alichokuwa akila gizani.

"Wananinywa?" aliuliza.

"Wanakunywa, baba. Na wale ombaomba bado wako njiani na kiu yao."

Akainamisha kichwa, akavuta pumzi puani, polepole, kama mtu anayenusa nyama kabla ya kuinunua. Miaka yote ile alikuwa amefundisha pua yake kutohisi. Sasa ilihisi. Alitapika juu ya mnyororo wake.

"Nilikivaa chuma hiki nimlilie mtu mmoja," alisema alipopata sauti. "Kumbe nimewapa watu wengine kitu cha kutazama ili wasimtazame yeye. Nitoe, mama. Wewe unajua kutenganisha ngozi na kitu."

Ilichukua siku tatu. Shmuni aliloweka nyama ile kwa mafuta ya zeituni vuguvugu, akailainisha kidogo kidogo kama ngozi kavu, akachomeka kisu cha mfupa chini ya kunjo na kulisukuma nyuma. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu. Siku ya tatu alikikata kwa tupa. Uvundo ulifumuka. Mara mbili Shmuni alikwenda kando kutapika, akasukutua, akarudi. Mzee hakupiga kelele. Aliuma kamba na kutaja jina ambalo Shmuni hakuwahi kulisikia, jina la mtumwa. Mzee alilijua miaka yote.

Mahujaji waliposikia kwamba mtakatifu amefunguliwa, hawakufurahi. Walipiga mayowe kwamba wamedhulumiwa. Mkulima aliyetembea siku nne alimwambia mtakatifu usoni, "Nimekuja kuona aliyefungwa. Mtu wa kutembea ninaye nyumbani." Absamya alifunga lango la mlima, naye Shmuni akamteremsha mzee kwa punda mpaka uani kwake, katikati ya mashimo, mahali ambapo hakuna hujaji ambaye angevumilia kukaa.

Mzee aliishi hapo siku arobaini na kitu. Alipenda tango na chumvi. Alikoroma. Alipoweza kusimama alijikokota mpaka njiani na mtungi, akawapa maji ombaomba, nao wengi hawakumjua, wakamlaumu kwamba maji yana harufu ya ngozi. Kwa hilo alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha sumu ya kidonda ikapanda, akafa asubuhi moja huku Shmuni akimpangusa.

Kabla hajamaliza kumwosha, mlango ulivunjwa. Watu wa Kefar Romana na wa kijiji cha jirani, wote walitaka maiti. Walivutana. Mwanamke mmoja mwenye mvi za heshima, aliyejiziba pua kwa ajili ya Shmuni kila Jumapili, aliinama kana kwamba anabusu mguu, akainuka na kidole gumba cha mguu ule mdomoni, amekinyofoa kwa meno. Damu nyeusi ilimchuruzika kidevuni. Shmuni alimtazama akitafuta jibwa ndani ya yale macho, akaona furaha tupu.

Absamya alihubiri kwamba malaika ndiye aliyekata mkanda. Mkanda wenyewe ulitundikwa kanisani ndani ya sanduku la kioo, na nyama kavu bado imeng'ang'ania. Kuhusu Shmuni walisema ni yeye aliyemuua mtakatifu kwa uchafu wake. Hakubishana nao, ila hakukanyaga tena kanisa lile. Jumapili alitembea mwendo wa saa mbili hadi kijiji kingine, akasimama nyuma, mlangoni.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mara mojamoja hujaji mdadisi aliuvumilia uvundo na kuingia uani kumwuliza jinsi mtakatifu alivyokuwa. Shmuni alimpa maji kwanza. Halafu alimwambia kuhusu matango, kuhusu mkoromo, na kuhusu jina la mtumwa, ambalo lilikuwa Kashish. Hujaji alisubiri muujiza, akaona hauji, akauliza kama hakubaki hata kipande cha kitambaa.

"Nilivichoma," alisema Shmuni, akarudi kukwangua manyoya.