Daktari Alinipa Ujumbe wa Wifi Yangu, Nimeukalia Miezi Miwili

Wasomaji wenzangu, hamjambo? Jina langu naomba lisitoke, maana huku Kola tunajuana hadi kwa kikohozi. Niko na miaka ishirini na nne na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitatu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Mume wangu anafanya kazi kiwandani Athi River, anakuja nyumbani Jumamosi. Mimi naishi na mama yake. Ninayotaka kuwaambia ni dhambi, najua, lakini inanipa raha, na hiyo raha ndiyo inaniogopesha.

Mama mkwe alinipokea kama mtoto wa tumbo lake. Nilipojifungua tulimpa mtoto jina lake, vile sisi Wakamba hufanya, akafurahi mpaka akacheza ngoma pale uani. Sasa mama huyo huyo, aliyekuwa anapanda mlima na mtungi mgongoni, akaanza kutembea akiburuta miguu, hatua fupi fupi kama mtu aliyekwama kwa matope. Akaanguka shambani mara mbili. Ukimuuliza kama atakunywa chai, inapoa kabla hajajibu. Halafu mkojo. Ukimbana hafiki chooni, na vile alivyokuwa mwanamke msafi! Analia, ananitukana, halafu ananiomba msamaha. Nilikuwa nafua shuka zake na kuzianika nyuma ya ghala ili majirani wasione.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Tala na anauza mitumba huko. Jumapili moja alikuja na wamama wawili wa sokoni akamkuta mama yake amelowa.

"Wee, umemfanya nini mwaitu, mama yangu?"

"Dada, ni presha. Daktari wa hapa alimpa dawa..."

"Presha! Presha iko kwa miguu? Presha inakojolea watu?" Wale wamama wakacheka. Alichukua mkebe wa dawa, akaenda akamwaga zote chooni. "Hizi ndizo unatilia uoi wako."

Uoi ni uchawi, kwa wale hawajui Kikamba. Na mtu akishaitwa hivyo kwetu, hata maji yake hayanywewi.

Akaitisha ukoo. Akataka nile kithitu, kile kiapo chetu kinachosemekana kuua mwongo na nyumba yake yote. Mimi nilikuwa tayari, kwa sababu nilijua niko safi. Lakini baba yangu alikuja kutoka Katangi akakataa mbele ya watu wote. "Sisi ni watu wa kanisa. Msichana wangu hali kithitu, na bado ananyonyesha." Basi, kukataa kukawa ndiyo kukubali. Nilifungasha nikamfunga mtoto mgongoni. Wifi akanifuata hadi barabarani akipiga kelele: "Nenda ukaroge kwenu! Na jina la mama yangu uliache hapa!" Akawakataza watu wasimwite mtoto wangu kwa hilo jina. Hapo ndipo chuki ilinipanda, ikakaa.

Nilikaa Katangi miezi minne. Mama mkwe akakaa miezi hiyo bila dawa, akiombewa na kupakwa mafuta, mpaka akaanguka na mdomo ukaenda upande. Mume wangu akaniita nirudi nimuuguze. Kutoka hospitali ya Machakos tulitumwa Nairobi apigwe picha ya kichwa.

Daktari alituonyesha ile picha. Alisema ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe, ni kama nyaya za stima, zinabeba habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Presha ya miaka mingi ilikuwa imeharibu mishipa midogo midogo inayolisha hizo nyaya. Ndiyo maana miguu inachelewa, mawazo yanachelewa, mkojo haushikiki, na hasira inakuja bila sababu. Kilichoharibika hakirudi, lakini dawa isipokosa hata siku moja, huenda kisiendelee mbio.

"Daktari," nikamuuliza, "mtu anaweza kumfanyia mwingine hivi?"

"Mama, hii ni presha. Nani amekudanganya?"

Nililia mpaka akaniletea kiti. Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta gari. Daktari akaniambia mimi peke yangu: "Watoto wake wote wapimwe. Presha hutembea kwa familia, na mtu anaweza kukaa nayo bila kusikia kitu."

Mume wangu nilimwambia, akapimwa, yuko sawa. Dada yake sikumtaja, naye hakuuliza, na sasa ni miezi miwili.

Wifi hajawahi kuniomba msamaha. Alipoambiwa habari ya picha alisema, "Mashine ya Nairobi itaonaje uoi?" Wiki jana alikuja akiwa ameshika kisogo. "Kichwa kinanigonga hapa, na macho yanaona ukungu." Nilikuwa nimepika mahindi na maharagwe. Akaomba chumvi, ile daktari alimkataza mama mkwe kwa sababu ya presha. Nilimsogezea mkebe wote, nikakaa nikimtazama akinyunyiza.

Nisiwadanganye, naona vile atakuwa. Naona akiburuta miguu pale Tala, nguo imelowa, na wale wamama wake wa sokoni wakicheka. Nawaza nitakuwa hapo na mimi nicheke.

Mama mkwe anaendelea vizuri kidogo. Asubuhi anatembea na mtoto wangu hadi kwa lango, wakihesabu hatua pamoja, na ninaamini atafika mbali zaidi. Lakini huyo ninayemsubiria aanguke ni mtoto wake.

Jumanne tunamrudisha mama mkwe kliniki, na wifi amesema atatusindikiza. Mashine ya presha itakuwa pale mezani. Ni maneno matatu tu: "Kaa, nawe upimwe." Au ninyamaze, na hakuna mtu atajua.

Ndugu zangu, nielekezeni. Lakini msiniambie tu nisamehe, hilo hata pasta ameniambia. Niambieni nitafungua vipi mdomo siku hiyo, na moyo wangu unataka ninyamaze.