Fimbo Ndani ya Kanga

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Efrazia ni fimbo. Alikuwa kwenye foleni mbele ya meza yangu, katika shule ya msingi walikokimbilia watu wa Bondeni, mtaa ulio kando ya kijito chini ya Bomani. Wenzake walibeba magodoro, masufuria na kuku. Yeye, gauni lake likichuruzika maji, alishika fimbo ya mzee aliyoizungushia kanga ili vidole vyake visiiguse.

"Jina?" nikamuuliza.

"Andika kwanza la baba mkwe wangu, Mzee Nchagwa. Halafu langu. Lakini nakuomba usituweke darasa moja."

Nilikuwa nimejitolea kuandikisha wahanga, na nilikuwa nimeambiwa familia zisitenganishwe. Nikawaandika wote wawili Darasa la Nne. Mimi ni mzaliwa wa Kenyamonta, Mkurya kama wao, nilipaswa kujua.

Mzee Nchagwa hakuingia darasani. Alikaa barazani, ameuelekea ukuta, anatetemeka kwa baridi. Uji ulipoletwa aliusukuma pembeni. Jirani yao Wegesa, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, akachuchumaa karibu naye.

"Shikamoo mzee. Huu uji nimekoroga mimi, siyo mkamwana wako. Kunywa."

Mzee akanywa. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kuna jambo limetokea Bondeni zaidi ya mafuriko. Efrazia alinisimulia siku ya tatu, vipande vipande, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine.

Ana miaka thelathini na moja. Anashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mume wake, Daudi, ni fundi ujenzi na wiki ile alikuwa Sirari kazini. Kwa miaka tisa ya ndoa Efrazia hakuwahi kumpa baba mkwe mkono wala kuvuka mlango wa nyumba yake, iliyo upande wa chini wa ua huohuo. Mzee naye hakuwahi kuvuka mlango wa Efrazia. Akikaribia geti alikohoa, ili mkamwana apate muda wa kupisha. Chakula kilipelekwa na binti yao, Precious, wa miaka saba. Hapakuwa na chuki. Kwa Kikurya huitwa ensoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mkwe na mkwe. Hata cherehani ya Efrazia alimnunulia mzee huyohuyo. Aliiacha getini, akakohoa, akaondoka.

Siku ya mafuriko ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Bondeni kulikuwa na manyunyu tu. Mvua ilikuwa inanyesha milimani. Precious alikuwa katika shule hiihii, juu ya mtaa. Efrazia alisikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Akainua kichwa, akaona kijito kinapita katikati ya mahindi ya Wegesa, kimebeba mlango pamoja na fremu yake.

"Mlango umefungwa na kufuli," aliniambia. "Unaelea umesimama. Nikawa najiuliza nani ana ufunguo. Yaani hicho ndicho nilichokuwa nawaza."

Alipomaliza kuipandisha cherehani mezani, maji yalikuwa magotini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti kuwa watu waache vitu, wapande shuleni. Efrazia alishafika getini alipomkumbuka mzee. Nyonga yake mbovu, bila fimbo hapigi hatua.

Alimkuta amekaa kitandani, maji yamefika kwenye godoro. Fimbo ilikuwa imeshachukuliwa na maji.

"Baba, maji," akasema akiwa mlangoni.

"Nayaona. Nenda."

"Naita mtu aje akubebe."

"Utamwita nani? Wote wameshapanda. Nenda kwa mtoto wako."

Alipofika hapo Efrazia aliniambia:

"Mpaka leo sijui nani aliingia mle ndani. Miguu ilikuwa yangu, lakini mimi naona kama bado nimesimama mlangoni."

Alimgeuzia mgongo ili asimwangalie usoni, akainama kama anayetaka kumbeba mtoto. "Shika mabega, baba."

"Efrazia," mzee akasema. Siku zote alimwita Mama Precious. Kisha mikono yake ikamfika mabegani.

Alipanda naye mpaka shuleni. Alipomshusha barazani, mzee alifumba macho. "Sasa tutaangaliana vipi?" akauliza, akageukia ukuta.

Efrazia akarudi njiani bila kujua anakwenda wapi. Aliiona fimbo imenasa kwenye seng'enge ya Wegesa, akavua kanga ya begani, akaishika nayo. Wegesa naye alikuwa amerudi kutazama mahindi yake.

"Mwenyewe umembeba mgongoni," Wegesa akamwambia, "halafu fimbo ndiyo unaiogopa?"

Efrazia alitaka kucheka, akashindwa.

Kesho yake wifi yake mkubwa, Regina, alikuja na pikipiki akamchukua mzee kwenda kwake Susuni. Mzee aliondoka bila kugeuka. Daudi aliporudi aliutazama ukuta wa nyumba ya baba yake, wenye mstari wa tope usawa wa kifua, akakaa chini.

"Ulifanya vizuri," akamwambia mke wake. "Ila tuwasubiri wazee wa ukoo."

Maji yaliisha, watu wakaanza kurudi. Kwenye bomba la maji walimsifu Efrazia, lakini alipowapita aliwasikia nyuma yake wakisema: huyo ndiye aliyembeba mkwe, na mzee kahama mji wake. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kwamba amemtoa mzee majini na kumtoa nyumbani.

Wiki ya pili Regina alipiga simu. Wazee wamekaa. Atachinjwa mbuzi getini ili kuondoa mwiko, mkwe na mkamwana waile nyama yake, na baada ya hapo mzee ataingia kwake. Siku ni Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Anauliza fimbo yake iko wapi," Regina akaongeza.

"Ninayo."

Efrazia akamsikia akiongea na mtu kando. "Anasema uitunze."

Jumamosi asubuhi nilifika Bondeni. Efrazia alikuwa ameikandika upya nyumba ya mzee kabla ya kugusa ya kwake, na udongo ulikuwa haujakauka vizuri. Fimbo ilisimama kando ya mlango, kwenye kanga safi. Daudi alikuwa ananoa kisu. Manyunyu yakaanza, na Efrazia akaacha ufagio, akatazama milimani muda mrefu mpaka yalipokatika.

"Saa nne hii," Wegesa akasema kutoka upande wa pili wa seng'enge. "Au mbuzi ndiye anaendesha pikipiki?"

Efrazia alikuwa amelielekezea geti sikio, anasubiri kusikia mtu akikohoa.