Picha na Mwandishi Wetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa msichana wa Keko, nimesimama mbele ya meza ya magazeti asubuhi ya Jumapili, gazeti limefunguka mikononi. Picha niliyoipiga ilikuwa imetoka. Tena kubwa, imekula nusu ya ukurasa. Chini yake waliandika hivi: "Kijana mmoja akichezea maisha yake huko Boko. Picha na Mwandishi Wetu."

Nikasoma tena, nikidhani macho yananidanganya. Mwandishi Wetu! Mwandishi wao gani? Juu ya lile jiwe tulikuwa wasichana wawili na kamba zetu. Huyo mwandishi wao alining'inia wapi?

Sasa jana, Neema, ulikuja hapa kwangu, ukaniamkia vizuri, ukakaa, ukanionyesha kwenye simu picha uliyompiga kijana mwenzako akipanda mwamba huko milimani, nawe umefungwa kamba kiunoni na chini yako hakuna kitu. Picha nzuri, sikufichi. Jarida la kwenye mtandao limeitoa, na pale panapotakiwa jina lako wameandika "Picha: Mtandao." Nikakuuliza huyo Mtandao ndiye nani, mtoto wa nani, alipanda lini? Ukacheka. Ukasema, "Aah bibi, si ishu hiyo. Angalau imetoka." Ukaongeza kwamba kesho kutwa mhariri wao amekuita ofisini, anataka picha nyingine za kuweka kwenye kitabu.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitakutukana, na wewe ni mjukuu wa rafiki yangu Anjela. Leo nimekuita ili nikwambie vizuri. Au vibaya, vyovyote vitakavyotoka. Nyie vijana mnasema mtu akikasirika anatoa povu. Basi mie leo natoa povu, kaa usikilize.

Baba yangu alikuwa fundi seremala pale Keko, mtu wa kusini, mpole, wa maneno machache. Mimi nilikuwa nimepata kazi studio ya picha Temeke, napiga watu picha za vitambulisho na maharusi waliokaa wamekakamaa. Bibi yako Anjela alikuwa wa Kinondoni, mtoto wa karani, watu wa bara. Tulisoma pamoja, na shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Eliya, ambaye kabla ya ualimu alikuwa akiongoza wageni milimani. Yeye ndiye aliyetufundisha kupanda miamba. Hapa hapa Boko, kwenye machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa. Upande mmoja ukuta wa jiwe umesimama wima, upande wa pili akina mama wanaponda kokoto.

Maneno tuliyoambiwa siwezi kuyarudia yote. Wasichana gani wanavaa suruali wanakwea mawe, nani atawaoa, mmelogwa na nani. Bibi yako alikuwa akijibu, "Nikishaolewa nitashuka," kisha anapanda juu zaidi. Hakuwa mtu wa kutishika huyo. Kulikuwa na mahali jiwe limejitokeza mbele, ukipanda lazima utoke nje ulale chali hewani ndipo ufike juu. Wavulana wote wa Mwalimu Eliya walipashindwa. Anjela alipapita, na siku aliyopapita mimi nilikuwa juu, nimefungwa kwa kamba ya pili, nimejishusha ubavuni mwake na kamera ya studio shingoni.

Nilipiga wakati mkono wake mmoja tu ndio ulioshika jiwe, na chini kabisa mama mmoja mponda kokoto ameacha nyundo ikining'inia mkononi, kaziba mdomo kwa kiganja, anamtazama. Kwenye picha unaona wote wawili. Uso wa Anjela umegeukia kwangu na anacheka. Anacheka, mwanangu, mahali pale! Nilipoisafisha ile filamu gizani studio na nikaiona picha inatokea kwenye karatasi, nilipiga kelele mpaka bosi wangu akaja kugonga mlango.

Nikaipeleka mjini kwenye gazeti. Mhariri wa picha alikuwa mtu mzima, mtaratibu, miwani puani. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Binti, hii ni picha. Niachie na negativu, itatoka safi zaidi." Negativu ndiyo ile filamu yenyewe, Neema. Siku hizi mnazo kwenye kadi na kwenye simu, mnazirudufu mnavyotaka. Sisi tulikuwa nayo moja tu. Nikamwachia. Nikamtajia majina yetu yote mawili, langu la mpigaji na la Anjela la mpandaji, akaitikia kwa kichwa. Nilirudi Keko nikiwa sigusi ardhi.

Ndipo ikaja hiyo Jumapili. Mimi nikawa Mwandishi Wetu. Bibi yako, kwa kuwa alikuwa amevaa suruali na kofia, wakamfanya kijana mmoja, mtu mhuni asiye na jina anayechezea maisha yake. Kazi ya miezi na miezi, vidole vimechubuka, magoti yamepasuka, wao wanaita kuchezea.

Jumatatu nikaenda pale ofisini nimefura. Njia nzima napanga maneno. Nitamwambia hiki, nitamwambia kile, leo atanitambua. Nikafika, nikagonga mlango, yule mhariri akaninyanyukia kutoka kwenye kiti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu sana. Kaa. Mzee hajambo? Mama je? Na joto hili umetembea! Unakunywa soda gani?"

Basi nikakaa. Nikasema ya machungwa. Ikaletwa, baridi, chupa inatoa jasho. Akaniuliza habari za Keko, akaniambia kitanda chake mwenyewe kilitengenezwa huko, akasifu mafundi wetu. Nikanywa. Kila nikitaka kuanza, ananiuliza jambo jingine zuri. Nikipeleka chupa mdomoni, naona yale maneno yangu yanaondoka moja moja. Utamwambiaje mtu "umeniibia" na huku soda yake iko kooni kwako? Mwisho nikasema, kwa sauti ndogo ambayo naisikia mpaka leo, "Mzee, nilikuja tu... jina halikutoka." Akasema, "Aah, hilo! Ni utaratibu wa gazeti tu, binti. Picha za watu wa nje tunaandika hivyo. La muhimu imetoka. Watu wameona." Nikasema asante. Nilimshukuru, Neema. Nikaaga kwa adabu na chupa tupu nikamrudishia mhudumu.

Nyumbani baba alikuwa anapiga randa mbao ya mlango. Akaniuliza alichosema yule bwana. Nikamweleza. Baba akasimamisha randa.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa, baba. Kulikuwa na joto."

"Ukaimaliza?"

"Nikaimaliza."

Sijawahi kumwona baba amekasirika vile. Akaitupa ile randa kwenye vumbi la mbao. "Basi mmeshapatana," akasema. "Umekwenda pale unadai, ukatoka umekaribishwa. Nani amekufundisha? Mie nilikulea uwe na adabu, sikukulea uwe bubu. Adabu ni shikamoo. Ukishaamkia, adabu umeimaliza, kilichobaki ni kusema kilichokupeleka. Umesimama, kavu, hujala cha mtu. Ukishasema, akikusikiliza, hapo kunywa hata kreti nzima."

Nililia, na yeye hakunibembeleza. Akaniambia, "Kesho rudi. Peke yako."

Nikarudi. Nikaamkia. Akaniambia kaa, nikasema nashukuru, nitasimama. Akauliza soda gani, nikasema sinywi mpaka nizungumze. Ungeuona uso wake! Mtu mpole yule alibadilika palepale. Nikamwambia picha ile nimepiga mimi, Somoe Hamisi wa Keko, na aliyepanda ni Anjela, msichana, wala si kijana mmoja, na nataka majina yetu yatoke Jumapili ijayo, na nataka negativu yangu mkononi.

Akacheka kwa puani. "Binti, we unadhani nani ataamini wasichana ndio walikuwa kule juu? Nimewasitiri. Na ukizoea kupiga kelele kwenye ofisi za watu, picha yako nyingine hutaiona ikitoka hapa." Nikasema, naomba negativu. Akamwita kijana wa stoo, wakanong'ona, yule kijana akaondoka akarudi mikono mitupu. Imepotea. Labda ilitupwa na takataka za wiki. Alisema hivyo huku anapanga kalamu zake mezani, na hakunitazama.

Nilimwambia maneno siku ile ambayo mwanamke wa umri wangu leo hapaswi kuyarudia. Majirani wa ofisi walitoka milangoni. Sikupata jina, sikupata negativu. Nilichopata ni kwamba niliondoka pale sina deni la shukrani kwake. Tangu siku hiyo kila filamu yangu niliikwaruza jina pembeni kwa sindano, na picha zangu zilitoka kwingine, kwenye kalenda na vitabu vya utalii, na jina chini yake. Wapo wahariri waungwana, nimekutana nao, nisije nikawasingizia wote.

Lakini ile picha ya bibi yako hairudi. Nilitaka tuipige tena, tukakuta machimbo yamefunguliwa upya na lile jiwe limelipuliwa. Leo hapo pana nyumba zenye mageti, na watu wamelala juu ya mahali Anjela alipocheka, hawajui lolote.

Na sasa nakuja kwenye kitu kinachonikaba. Mwaka jana tulipomzika bibi yako, wewe mwenyewe ulikuwepo. Wakasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaolewa, akajaliwa watoto, aliipenda kwaya. Wakamaliza. Nikasimama mimi, na fimbo yangu, nikasema marehemu alikuwa mpanda miamba, alipita mahali wanaume waliposhindwa. Unakumbuka kilichotokea? Watu walicheka. Kicheko cha heshima, cha kumhurumia bibi aliyechanganyikiwa na msiba. Mjomba wako akanishika mkono taratibu akasema, "Asante bibi, pole sana, kaa upumzike." Nilikuwa na kile kipande cha gazeti kwenye pochi. Ningekitoa nionyeshe nini? Kijana mmoja? Mwandishi Wetu? Nikakaa. Mwanangu, nilikaa, nikamwacha Anjela akafukiwa bila kazi yake.

Ndiyo maana uliposema "angalau imetoka" nilitamani kukuzaba kofi. Haijatoka. Picha ikitoka bila wewe, wamekutoa wewe wakaibakiza picha.

Sasa sikiliza ninachokutuma. Siku hiyo waliyokuita nenda, vaa vizuri, amkia kila mtu hadi mlinzi. Kisha kabla hujaketi, kabla ya maji, kabla ya chai, kabla hajakuuliza sisi wazee wako hatujambo, mwambie mhariri kilichokupeleka. Kwamba ile iliyotoka wairekebishe leo hii, jina lako liandikwe. Kwamba za kitabu hazitoki mkononi mwako mpaka waandike na kusaini jinsi jina litakavyokaa. Na usitaje lako tu. Yule kijana mwenzako aliyeko kwenye kamba, naye ana mama yake, ana jina. Mwandikishe. Kosa kubwa kuliko yote ni mpiga picha aliyedhulumiwa kwenda kumdhulumu aliyemo kwenye picha. Watakwambia una kiburi. Watasema wapo wengine mia wanaotaka nafasi hiyo. Waache wawaite hao mia, tuone nani kati yao atapanda. Wakikataa, chukua mkoba wako urudi, utakula ugali hapa kwangu, na hasira tutagawana.

Wala usiniambie utaonekana huna adabu. Adabu wanaihubiri sana wale wanaoshika mali ya mtu.

Haya, lete mkono wako huo. Tazama ulivyochubuka, kama wa bibi yako kabisa. Mungu akushikilie huko juu mahali ambapo sisi hatufiki. Kamba yako isikatike, jiwe lisikung'okee mkononi, macho yako yasichoke kuona. Akupe wahariri waungwana, na wasio waungwana akupe mdomo wa kuwakabili. Akupe maisha marefu, uzeeke, upande mpaka uchoke mwenyewe. Na siku ya kusomwa wasifu wako, Mungu aiweke mbali sana, atakaposimama mtu kusema ulikuwa mpanda miamba, asitokee hata mmoja wa kucheka.