Willy Anapuliza Ukingoni

Ukipita mji wetu wa Baraka, huku Kongo, ukaona mlango wa chuma uliochomelewa vizuri, bila mawimbi, jua ni kazi ya Casimir. Ni mdogo wangu, na simsifu bure. Kwa kuosha vyombo na kuitikia salamu hafai kitu. Lakini kwa moto, miaka kumi na tisa, mtu wa kumsahihisha alikuwa mmoja tu: Willy, ndugu yetu wa katikati. Walifanya kazi pamoja kwa mashine waliyoifunga wenyewe kwa nyaya za shaba, wakivuta umeme wa jenereta ya jirani.

Mwaka jana walisikia kuna mashine mpya Uvira, yenye motere yake ya mazutu, yaani injini ya dizeli. Zamu ya kusafiri ilikuwa ya Casimir. Akasema ana homa. Nilimgusa shingo mimi mwenyewe: homa hakuna, uvivu mtupu. Nikanyamaza. Willy akaenda. Mashine ilitangulia juu ya lori, yeye akafuata kwa pikipiki, na karibu na Mboko pikipiki ikaanguka. Kwa siku moja hiyohiyo tulipokea vitu viwili, mashine na maiti, na mashine haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Baada ya miezi miwili Casimir alianza kuitumia. Wiki hiyohiyo akaja jikoni kwangu, kinyago cha kazi mkononi. Mimi dada yake mkubwa huniita Yaya.

"Yaya, Willy iko anapuliza."

"Anapuliza nini?"

"Moto yangu."

"Batu balikufa biko na kazi ingine kuliko kukupuliza we," nikamwambia. Lakini nilikwenda. Nikavaa kinyago cha Willy, bado kina harufu ya kichwa chake. Nyuma ya kile kioo cheusi dunia yote inazimika, inabaki chembe moja ya mwanga. Moto wa Casimir ulitembea katikati ya chuma kwa adabu, kama mama anayekwenda misa. Ulipobakiza vidole viwili kufika ukingoni, ukapinda. Ukalala kando, ukatema cheche, ukauma ule ukingo hadi ukaacha shimo. Nikavua kinyago. Majani ya mgomba nyuma ya karakana yalikuwa yametulia kabisa.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona.

Ilikuwa vilevile kila siku, kila ukingo. Bamama wa maombi wakaja, wakaiwekea mashine mikono. Moto ukapinda mbele yao. Wateja wakaanza kuzunguka mbali. Casimir akaacha kazi, akakaa tu anaangalia mikono yake. Na Jumamosi ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Aline, mjane wa Willy, alikuwa ameshasema: "Musalaba ya kununua sitaki. Ndugu yake atauchomelea, ama kaburi libakie hivihivi."

Jumatano akaja Claver Habonimana na jembe lililovunjika. Ni mkimbizi wa Burundi. Kwao alifundisha fizikia, kwetu analima. Watu wanamwita Prof wa Mihogo, naye anaitika. Tukamwonyesha. Akakizunguka kile chuma mara mbili.

"Huyu si marehemu. Ni sumaku."

"Prof, kama hujui, sema hujui," nikamwambia.

"Mama, huo moto ni hewa iliyochomwa mpaka ikabeba umeme. Vitabuni inaitwa plasma. Ikibeba umeme, sumaku inaishika. Katikati ya chuma sumaku imejitandaza. Ukingoni inakosa nafasi, inajikusanya upande mmoja, inausukuma moto. Umeme wa mashine yenu ya zamani ulikuwa unakwenda na kurudi, haraka kuliko kupepesa jicho, sumaku haikupata muda. Wa hii unakwenda njia moja. Haurudi."

Casimir akaangalia chini.

"Huko ng'ambo," Prof akaendelea, "kuna mashine inaitwa tokamak, kama pete kubwa ya chuma. Wanafungia ndani yake moto mkali kuliko jua, wanaushikilia kwa sumaku usiguse ukuta. Na wao ukingo ndio unawasumbua. Pale moto unatetemeka, unaruka, unalamba ukuta. Si wewe peke yako."

"Na bale, nani anabapuliza?" Casimir akauliza.

Prof hakucheka. "Bado wanatafuta," akasema.

Kisha akachukua masi, ile koleo ya waya inayouma chuma ili umeme upite, akaihamishia upande mwingine. "Sasa. Na fimbo yako ya kuchomelea iwe karibu na chuma." Moto ukaenda moja kwa moja hadi mwisho. Casimir akajaribu mara tatu, mara tatu ukanyooka. Nilingoja afurahi. Uso wake ukafungwa kama duka.

Ijumaa asubuhi alichomelea msalaba, kwa chuma kinene cha lori bovu. Mikono yote miwili na mguu vikatoka safi. Alipofika kwenye kichwa akasimama, akairudisha masi pale pabaya pa zamani.

"We! Unaharibu!"

"Niache, Yaya. Mi nataka kumuambia Willy ile ya homa."

Kumbe alijua kwamba ninajua. Nikavaa kinyago, nikasimama karibu naye. Moto ukatembea. Vidole viwili. Kimoja. Mkono wake ukapunguza mwendo, ukangoja. Moto ukafika ukingoni umesimama wima, ukakaa hapo, haukugeuka upande wowote. Akarudia. Wima.

"Yaya, hapulizi tena."

Nikavua kinyago, nikauangalia ukingo: hakuna shimo. Labda Prof angepata sababu kwenye sumaku zake. Sikumwuliza.

Jumamosi watu waliusifu msalaba, na Aline akaupangusa kwa kitenge chake. Casimir amerudi kazini, wateja pia. Moto haujapinda tena. Lakini kila anapokaribia ukingo, vikibaki vidole viwili, mkono wake unapunguza mwendo, na kichwa kinainama kidogo upande, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali na hana hakika.