Tua au Dua

Nilitoka Kibaha kwenda Msimbu kwa sababu ya meno ya baba.

Kwenye mkutano wa vijana wanaodai uhuru, baba aliombwa aimbe wimbo wa ujana wake, wa siku yeye na wenzake walipokuwa wakilazimishwa kumbeba bwana shauri, mtawala wa kizungu, kwenye machela: "Mzigo una miguu, tua, tua!" Kwa kuwa meno ya mbele hana, vijana walisikia "dua, dua". Wakainua viganja, wakaitikia amina. Siku hiyo baba hakula.

"Kamlete Kibwana," akaniambia. "Tulibeba naye, na bado ana meno. Awaambie tuliimba nini."

Alfajiri nikapanda baiskeli. Njia ya Kisarawe ina mchanga mwingi, hata sehemu nyingine baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi.

Saa nne nilimkuta Mzee Kibwana akimenya mihogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Yule kibogoyo hajambo?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka, kisha akakiacha palepale, akaenda kuvaa kanzu.

Wakati wa kurudi alikaa kwenye keria, akanishika kiuno. Kwenye mlima wa Kisarawe pumzi ziliniishia.

"Baba mdogo, mzigo una miguu."

Akashuka bila kinyongo. Tulipokuwa tunapanda kwa miguu, akasema, "Baba yako alibeba mbele, akaimba tua. Mimi nilikuwa nyuma, karani yuko kisogoni kwangu na kiboko mkononi. Nikaimba dua."

"Kumbe ndiyo maana yule karani ambaye baba humcheka…"

"Ndiyo maana alimwambia mzungu tunamwombea. Mzungu akafurahi, akataka tuimbe kila siku. Baba yako mpaka leo anadhani karani alikuwa mjinga."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwonea baba huruma.

"Utamwambia?"

Akashika keria, akanisaidia kusukuma baiskeli.

Alasiri tulifika Kibaha. Vijana walikuwa wameshajaa uani, na baba hakungoja hata salamu. "Waambie, Kibwana. Tuliimba nini?"

Mzee Kibwana alinitazama kwanza. Kisha akasogea mbele ya baba, akaimba, "Tua, tua!" kwa meno yake yote, mate yakawarukia vijana wa mbele. Baba akaitikia nyuma yake, na kwake ikatoka "dua". Safari hii hakuna aliyesema amina.

Nilikuwa nikidhani wazee huimba nyimbo hizi ili wakumbuke walichofanya. Kumbe mwingine huimba ili akifanye sasa kile alichokiogopa.

Kesho yake nilimrudisha Mzee Kibwana Msimbu. Kwenye mlima alishuka mwenyewe, kabla sijasema neno.